Mti wa Kwanza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Immakulata alichota maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea bibi yake uji. Kazi mbili za mwanzo alizifanya akiwa amenuna, kwa sababu baridi ya Heru Juu, kijijini kwao Kasulu, asubuhi haina adabu. Ya tatu aliipenda. Bibi Ndayikunda alikunywa uji nusu kikombe, akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo la zamani la majani ya chai na kulitikisa. Chaka chaka. Humo ndimo alimoweka vidonge vyake vya presha. Alimeza kimoja, akamalizia uji, akasema, "Haya, mwana wanje," yaani mwanangu, "nenda usichelewe," hata kama kengele ya shule ilikuwa bado saa nzima.

Waliishi wawili tu. Mama yake Immakulata aliuza maharage sokoni Kibondo na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Bibi alizaliwa Burundi, akavuka mpaka akiwa msichana mdogo, akaolewa huku na kupata uraia huku. Kiswahili alijifunza ukubwani, na kusoma alijifunza uzeeni, katika darasa la watu wazima kanisani. Alisoma polepole, kidole kikitangulia, na kila kilichoandikwa alikiamini.

Nyuma ya jiko palikuwa na kichaka kikubwa cha umubirizi. Majani yake ni machungu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja. Mtu akiumwa tumbo, Bibi alimchemshia. Hakuwa mganga, wala hakuwahi kumdai mtu chochote, lakini Makarius, aliyesoma naye darasa la sita, hakujali tofauti hiyo.

"Mjukuu wa mganga huyo," alimwambia Immakulata mbele ya wenzake. "Tuletee dawa kidogo tuwafunge darasa la saba."

Wote walicheka. Immakulata alicheka nao ili yaishe, lakini neno lile lilimkaa kooni wiki nzima.

Mwalimu wao wa sayansi aliitwa Haidari. Alitoka Tanga, na huo ulikuwa mwaka wake wa pili Kasulu. Siku moja aliingia darasani ameshika ndizi iliyomenywa, nyeusi tii.

"Nilimenya hii jana jioni nikaisahau mezani," alisema. "Nani ameipaka masizi?"

"Hewa, mwalimu," alijibu Faudhia, binti wa mwenye duka, aliyekaa dawati moja na Immakulata.

"Hewa, naam. Oksijeni. Jembe lako ikiligusa linashika kutu. Ndizi ikiigusa inakuwa hivi. Na ndani ya miili yetu kuna uharibifu unaofanana na huo. Sasa, mmea hauna miguu ya kukimbia jua kali wala wadudu, kwa hiyo unajitengenezea kinga. Sehemu kubwa ya kinga hiyo huitwa fenoli. Ule ukakasi wa jani la mpera unaokukausha ulimi ni fenoli. Wekundu wa choya ni fenoli. Hata weusi huu ni fenoli za ndizi yenyewe, zimejitanguliza mbele ya oksijeni zikaliwa zenyewe. Kazi hiyo ya kujitanguliza ndiyo tunayoiita nguvu ya antioksidanti. Leo tutaipima."

Alimimina maji ya wanga wa muhogo katika bilauri, akaongeza aidini kidogo, ile ya kusafishia vidonda. Maji yakageuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Hilo walilijua tangu darasa la tano na hawakushangaa. Kisha akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa na kuchujwa, akaanza kudondosha. Makarius, aliyeleta majani hayo kutoka kwao, alihesabu kwa sauti.

Katika tone la kumi na moja weusi ulitoweka. Bilauri ilikuwa nyeusi, na sasa mtu aliweza kuona vidole vya mwalimu upande wa pili. Darasa zima liliduwaa. Hata Makarius alisahau kufunga mdomo.

"Huu uchawi," alisema mtu wa nyuma.

"Ni kemia," alisema Mwalimu Haidari. "Fenoli zimeishughulikia aidini, wanga umebaki mtupu. Majani tumeyachemsha, kwa hiyo vitamini C nyingi imepotea, na kazi kubwa hapa ni ya fenoli. Matone machache, nguvu kubwa. Matone mengi, nguvu ndogo. Lakini mkumbuke, tunapima kwenye bilauri. Hatupimi mwilini."

Sentensi hiyo ya mwisho ilipita juu ya vichwa vyao. Tayari kila mtu alikuwa anavuta bilauri yake.

Walifanya kazi wawiliwawili. Immakulata alikuwa ameleta umubirizi. Faudhia alidondosha, yeye akahesabu moyoni na kuandika. Tone la tano, nyeusi. La nane, nyeusi. La kumi na moja, tone la mpera, nyeusi vilevile. Immakulata alianza kusikia joto masikioni. Upande wa pili Makarius alikuwa amekunja mikono kifuani, anasubiri. Bilauri ilisafika katika tone la kumi na nane.

"Ngapi?" aliuliza Faudhia.

Immakulata alimtazama Makarius. Alimfikiria Bibi akichuma majani yale kwa mikono miwili, akiwatibu watu tumbo bila kuwadai kitu.

"Nane," alisema.

"Mbona kama mengi zaidi?"

"Wewe ulikuwa unaangalia bilauri. Anayehesabu ni mimi."

Akaandika 8. Moja iliyopaswa kukaa mbele yake ilikuwa mstari mdogo tu, kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuuandika. Faudhia alikubali akaosha bomba, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini watu.

Ijumaa ilikuwa Siku ya Wazazi. Mwalimu Haidari alibandika ukutani karatasi kubwa ya matokeo, na kwa kuwa Immakulata alikuwa na mwandiko mzuri, ndiye aliyeiandika kwa kalamu nene. Mwalimu alisoma, yeye akaandika: MTI WA 1, UMUBIRIZI, MATONE 8. MTI WA 2, MPERA, MATONE 11. Na kuendelea, hadi lengalenga, yaani mchicha, iliyoshika mkia.

Bibi Ndayikunda alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama mbele ya karatasi ile, kidole kikatangulia.

"M-ti wa kwa-nza," alisoma. Akarudia. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Immakulata hakuwahi kuiona. "Umuti wa kwanza? Huu wa kwetu, wa nyuma ya jiko?"

Hapa msomaji asiyejua Kiha inabidi aambiwe jambo. Kwa Kiha, na kwa Kirundi pia, mti wa kukata kuni ni igiti. Umuti ni dawa. Bibi hakusoma kwamba umubirizi ni mti wa kwanza katika orodha. Alisoma kwamba ni dawa ya kwanza, dawa inayoshinda zote, na imeandikwa ukutani shuleni.

Immakulata alijua. Kiha na Kiswahili, lugha zote mbili zilikuwa zake. Alifungua mdomo aeleze, lakini Mwalimu Haidari alikuwa amefika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Nikuulize. Huu ndio umuti wa kwanza?"

Mwalimu, mtoto wa Tanga, alisikia alichozoea kusikia. "Ndiyo, bibi, ndio mti wa kwanza. Hongera, mjukuu wako kafanya kazi nzuri."

Bibi aliuvuta mkono wa Immakulata akaukumbatia kifuani pake. Nyuma yao alikuwa amesimama Makarius na mama yake, na Makarius hakuwa anacheka. Immakulata alijiambia atamweleza Bibi nyumbani. Nyumbani kulikuwa na wali wa sherehe, kisha kukawa na wageni, kisha ikawa kesho. Jambo la kuaibisha likilala siku moja, siku ya pili ni zito zaidi kuliamsha.

Tangu hapo, sufuria ya umubirizi ilichemka kila asubuhi. Bibi alikunywa kikombe kizima bila kufumba jicho. Majirani walikuja kuomba majani, naye aliwapa akiwaambia, "Ishule imeandika." Immakulata alisikia maneno hayo akajifanya ana kazi uani. Wiki tatu zikapita. Kulikuwa na sauti moja iliyopungua asubuhi pale nyumbani, na yeye hakugundua ni ipi.

Jumamosi moja walikuwa wamekaa barazani wakichambua maharage ya kupelekwa Kibondo. Bibi alikuwa anasimulia habari ya mbuzi aliyeingia kanisani. Katikati ya sentensi ungo ulimponyoka, maharage yakamwagika uwanjani. Immakulata alicheka, akainama kuyaokota.

"Bibi, mikono yako leo imelala?"

Bibi alijibu, lakini yaliyotoka hayakuwa maneno. Yalikuwa sauti zilizovurugika. Immakulata aliinua uso. Upande mmoja wa mdomo wa Bibi ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia ulining'inia tu, huku macho yake yakimtazama mjukuu wake kwa hofu, kwa sababu na yeye mwenyewe alikuwa amezisikia sauti zile.

Immakulata alipigwa na bumbuazi. Ni maharage yaliyokuwa yakiendelea kudondoka kutoka barazani, moja moja, ndiyo yaliyomzindua, akapaza sauti kumwita Mama Claudine, jirani yao.

Mama Claudine alifika na khanga yake mkononi. Alimtazama Bibi mara moja tu, akasimamisha bodaboda barabarani. Walimweka Bibi katikati, kati ya dereva na Mama Claudine, wakamfunga kwa khanga ile asianguke.

"Lete vidonge vyake vyote," Mama Claudine alimwambia Immakulata pikipiki ikiwa tayari inanguruma. "Daktari atauliza. Panda bodaboda nyingine utufuate."

Immakulata alikimbilia ndani, akanyoosha mkono rafuni. Kopo lilikuwa zito. Alilitikisa, na hapo ndipo alipoijua ile sauti iliyokuwa imepotea. Kwa wiki tatu hakuwa ameisikia. Alimwaga vidonge mezani akavihesabu kimoja kimoja. Bibi alikuwa amepewa thelathini kliniki siku moja kabla ya Siku ya Wazazi. Mezani vilikuwa ishirini na tisa.

Alikaa chini sakafuni. Aliona ukuta wa darasa, karatasi kubwa, na mwandiko wake mzuri. MTI WA 1. Kisha akasimama kwa sababu bodaboda ilikuwa inapiga honi nje.

Katika hospitali ya mjini, muuguzi mmoja aitwaye Nesi Mwajabu alimpima Bibi presha, akapima tena kana kwamba hakuamini mashine. Mia mbili kumi na sita kwa mia moja ishirini na nne. Daktari aliitwa mbio. Walimwekea dripu, wakampa dawa, na Immakulata akakaa kwenye benchi la nje amekumbatia kopo. Hakulia. Alikuwa ameshtuka kupita kiasi cha kulia.

Mchana, Mungu saidia, ulimi wa Bibi ulirudi. Mkono ulirudi pia, ukiwa dhaifu. Daktari alisema mshipa wa kichwani uliziba kwa muda kisha ukaachia, na kwamba hilo lilikuwa onyo. Nesi Mwajabu alileta kidonge na maji.

"Bibi, kwa nini uliacha dawa?"

"Sikuacha umuti," alijibu Bibi, polepole lakini kwa uhakika. "Nilibadilisha. Hivi ni vya zamani. Sasa nakunywa umuti wa kwanza. Ishule imeandika. Na mwalimu nilimuuliza kwa mdomo wangu, akasema ndiyo."

"Shule gani imeandika hivyo?"

"Muulize huyu. Yeye ndiye aliandika." Akamwonyesha Immakulata kwa kidevu, na hata kitandani pale sauti yake ilikuwa na fahari. "Nimeugua kwa sababu nilikunywa kidogo. Mama Claudine, kaniletee majani."

Akafunga mdomo. Kidonge hakukitaka. Nesi Mwajabu alibembeleza, akaeleza, akabembeleza tena. Bibi alisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa.

Nesi aliwavuta Mama Claudine na Immakulata kando. "Dripu imemsaidia kwa leo," alisema. "Asipoanza vidonge, presha itapanda tena, na safari ijayo hatutapata bahati kama hii. Mnanielewa? Atapooza, au tutamzika."

Mama Claudine aliweka mkono kifuani. "Nesi," alisema kwa sauti ndogo, "na mimi nina presha. Vyangu nimeviacha tangu Jumatatu."

Immakulata alimgeukia. Mama Claudine, mwenye watoto wanne. Hakuwa amemfikiria hata mara moja. Alijiona kama mtu aliyerusha jiwe dogo kwa mchezo, akasikia mabati ya nyumba ya tatu yakilia. Alirudi kitandani kwa Bibi. Kama angesubiri hata dakika moja, angepata sababu ya kunyamaza tena, kwa hiyo hakusubiri.

"Bibi, si umuti. Niliandika mti. Kwa Kiswahili mti ni igiti. Tulikuwa tunapanga ibiti tu, upi wa kwanza, upi wa pili. Hakuna mahali tulipoandika dawa."

Bibi alitikisa kichwa. "Mwalimu alisema umuti."

"Mwalimu hajui Kiha. Alisikia mti. Mimi nilisikia yote mawili nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulifurahi."

Bibi aliutazama mkono wake dhaifu. "Na nane? Nayo niliisoma vibaya?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Immakulata alishika ukingo wa kitanda. "Nane nilidanganya. Yalikuwa matone kumi na nane. Umubirizi haukuwa wa kwanza, Bibi. Nilitaka Makarius aache kukucheka."

Mama Claudine alimtazama kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza. Lakini Bibi, na hili ndilo lililomshtua Immakulata kuliko yote, alitabasamu.

"Wamekutisha," alisema. "Wamekuambia useme hivyo ili nimeze. Mjukuu wangu haandiki uongo. Niliiona nane kwa macho yangu, imeandikwa."

Uongo wake ulikuwa umeaminiwa mara moja, na sasa ukweli wake haukununuliwa na mtu.

Nesi Mwajabu ndiye aliyepiga simu. Baada ya saa moja Mwalimu Haidari alishuka kwenye bodaboda akiwa na bilauri, bomba, na chupa ya maji ya umubirizi aliyoyachemsha kwa kipimo kile cha darasani, kwa sababu Immakulata alikuwa amemweleza yote kwenye simu, na mwalimu hakuwa amejibu neno ila "Nakuja." Aidini waliipata kwa Nesi. Maji ya wanga waliyapata kwa mama lishe wa nje ya geti, ambaye aliuliza mara tatu wanayataka ya nini.

Walimsogezea Bibi kiti dirishani penye mwanga. Bilauri ikawekwa mbele yake, nyeusi.

"Bibi," alisema mwalimu, "mimi nitadondosha. Hesabu wewe. Asihesabu mtu mwingine."

Bibi alihesabu kwa Kirundi, jinsi alivyohesabu vitu muhimu maisha yake yote. "Rimwe. Kabiri. Gatatu." Kidole chake kiligonga meza kwa kila tone. "Indwi. Umunani."

Umunani ni nane. Mwalimu alisita. Bilauri ilikuwa nyeusi kama mwanzo. Bibi aliinama akaiangalia upande, kisha akaangalia chini yake. Halafu akainua macho kumtazama Immakulata, na ile fahari ikamtoka usoni kidogokidogo. Immakulata hakuinamisha kichwa, ingawa alitaka sana.

"Endelea," Bibi alimwambia mwalimu.

Icenda. Cumi. Sauti yake ilizidi kushuka. Aliposema "cumi n'umunani," weusi ulitoweka, na mwanga wa dirisha ukapita katikati ya bilauri. Kumi na nane kamili. Nje mtu alikuwa anasukuma kitanda cha magurudumu.

"Hata lingekuwa tone moja, bibi," alisema Mwalimu Haidari, "hii ni bilauri. Bilauri haina moyo wala mishipa ya damu. Mpera ulishinda darasani, lakini nao hautibu presha yako. Tulipima kitu kimoja kidogo cha jani, basi. Hilo nililisema kwa mdomo, sikuliandika ukutani. Na uliponiuliza swali, nilijibu bila kulisikiliza. Nisamehe."

"Kwa hiyo majani yangu ni bure?"

Nesi Mwajabu alitikisa kichwa. "Si bure. Mboga na matunda yenye fenoli ni chakula kizuri, kila siku tunawaambia watu wale. Lakini majani ya dawa yana nguvu zake, mengine yanagombana na vidonge, kwa hiyo uniambie kila unachochemsha. Na kidonge kisiachwe kwa sababu ya jani."

Bibi alinyoosha mkono wake wa kushoto, ule wenye nguvu. Alikiweka kidonge kiganjani akakitazama. "Umuti," alisema. Akakimeza. Mama Claudine alikuwa tayari amemwomba Nesi ampime na yeye.

Jumatatu, Immakulata alisimama mbele ya karatasi ukutani, kalamu nene mkononi, darasa zima nyuma yake. Aliandika 1 mbele ya 8. Akaupeleka umubirizi chini na mpera juu. Kisha, kwa amri ya mwalimu, alifuta kila neno MTI akaandika MMEA, na chini kabisa: TUMEPIMA KWENYE BILAURI, SI MWILINI. Aliwaeleza wenzake kilichotokea, bila kuruka kitu. Alingoja Makarius acheke. Makarius aliangalia dawati lake, na wakati wa mapumziko aliuliza bibi anaendeleaje.

Faudhia alikuwa na neno moja tu. "Siku nyingine wewe dondosha, mimi nihesabu."

Bibi aliporudi nyumbani, hakupumzika siku mbili kabla ya kumwita Immakulata. "Majani nimewapa watu wa nyumba nne," alisema. "Twende." Walikwenda wakitembea polepole, Bibi na fimbo, na katika kila nyumba, baada ya salamu ya mwakeye na kukaribishwa kiti, Bibi alimwachia mjukuu aseme. Nyumba ya kwanza Immakulata alilia. Ya nne alisema yote bila kulia, na hiyo haikuwa rahisi zaidi.

Njiani kurudi, Bibi alisimama kupumua.

"Sikukasirika kwa ajili ya mkono huu," alisema. "Mkono umerudi. Lakini mimi nilijifunza kusoma uzeeni ili watu wasinidanganye. Sikudhani atakayenidanganya ni wewe, na kwa mwandiko mzuri namna ile."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe pale dirishani. Sasa nisikilize. Wewe unasoma, na utaandika mengi kuliko mimi. Ukiona nane, andika nane. Ukiona kumi na nane, andika kumi na nane, hata kama kuna mtu anakucheka. Na mtu akielewa vibaya, mweleze palepale. Ulichoandika wewe, kuna mtu atakimeza."

Asubuhi iliyofuata Immakulata alipeleka uji kama kawaida, akakaa mlangoni bila kuondoka. Bibi alikunywa nusu kikombe, akanyoosha mkono rafuni. Chaka chaka. Alimeza kimoja, akamalizia uji, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa bado amekaa.

"Haya, mwana wanje," alisema, "umesikia. Nenda usichelewe."